Manson, tabibu aliyefichua chanzo cha mabusha

KATIKA vijiji vya pwani ya kusini ya Kenya, kuanzia Tiwi na Diani hadi Msambweni, Shimoni na Vanga, kuna maradhi ambayo kwa miaka mingi wanaume wameyaficha chini ya vikoi. Wengine huyaita mshipa, wengine ngirimaji, lakini jina linalojulikana na wengi ni mabusha. Mfuko wa korodani hujaa maji, ukavimba pole pole mwaka baada ya mwaka, hata mwenyewe akashindwa kupanda mnazi, kuvuta nyavu, au kuketi barazani na wenzake bila fedheha.

Maelezo ya chanzo chake hayakukosekana. Wako waliolaumu madafu, kwa hoja kwamba maji yanayonywewa lazima yateremke mahali fulani. Wengine walinong'ona juu ya uchawi, laana ya wazazi au uzinzi, na minong'ono hiyo ya mwisho ndiyo iliyovunja ndoa na kuwafanya wagonjwa wasionekane hospitalini. Ukweli kwamba maradhi haya hutokana na mnyoo mwembamba kama uzi, na kwamba mwenye kumbeba mnyoo huyo ni mbu, ulianza kudhihirika mwaka wa 1877. Ulidhihirika mbali sana na Kwale, katika mji wa bandari nchini China, na aliyeufichua ni daktari mzaliwa wa Scotland, Patrick Manson.

Manson alizaliwa tarehe 3 Oktoba, 1844, katika mji mdogo wa Oldmeldrum, Aberdeenshire, akiwa mtoto wa pili katika familia ya watoto tisa. Baba yake alikuwa meneja wa benki. Kijana hakukusudia kuwa tabibu. Alipenda mashine, na akiwa na umri wa miaka 15 aliingia uanagenzi katika karakana ya chuma mjini Aberdeen. Kazi ile nzito ilimdhuru uti wa mgongo na kuudhoofisha mkono wake wa kulia, akalazwa kitandani kwa miezi kadhaa. Katika mapumziko hayo ya lazima ndipo alipojisomea elimu ya viumbe, na mwaka wa 1860 akajiunga na Chuo Kikuu cha Aberdeen kusomea udaktari. Alimaliza mitihani mapema kiasi kwamba ilibidi asubiri umri utimie kabla ya kutunukiwa shahada yake mwaka wa 1865.

Mwaka uliofuata alisafiri kwenda kisiwa cha Formosa, ambacho leo huitwa Taiwan, kuajiriwa na Idara ya Forodha ya China. Kazi yake ilikuwa kukagua meli na kuwatibu mabaharia. Mwaka wa 1871 alihamia Amoy, mji ambao siku hizi hujulikana kama Xiamen, akakaa huko kwa zaidi ya muongo mmoja. Pamoja na kazi ya forodha alihudumu katika hospitali ya wamishenari, na humo ndimo alimokutana na wanaume waliojikokota kwa shida, wakibeba uvimbe mkubwa kati ya mapaja yao.

Alichokikuta kilikuwa kikali kuliko busha la kawaida. Kwa wagonjwa wengi ngozi ya mfuko wa korodani ilikuwa imekuwa nene na ngumu mfano wa gome, na uume umezama ndani ya nyama. Hayo ni matende ya sehemu za siri. Manson alijifunza kuyakata kwa ustadi na sifa zake zikaenea mjini. Waandishi wa maisha yake husimulia kisa cha mchuuzi wa vinywaji aliyekuwa akiutumia uvimbe wake kama meza ya kuwekea bidhaa. Baada ya kufanyiwa upasuaji alilalamika kwamba wateja wamemkimbia, akadai fidia. Kisa hicho huchekesha, lakini chaeleza pia jinsi mtu anavyoweza kuishi na ugonjwa hadi ukawa sehemu ya riziki yake.

Kisu kiliondoa uvimbe, ila hakikujibu swali la chanzo. Kwa nini kiungo hiki hasa?

Jibu limo katika maumbile yenyewe. Korodani za mtoto wa kiume huumbika ndani ya tumbo, karibu na figo, na kwa kawaida huteremka hadi kwenye mfuko wake kabla ya kuzaliwa. Sababu ni joto. Mbegu za kiume hutengenezwa vyema mahali penye joto pungufu kwa nyuzi mbili hadi nne kuliko mwili wote, ndiyo maana mfuko huo huning'inia nje, ukijikunja wakati wa baridi na kulegea wakati wa joto. Zinaposhuka, korodani huburuta kipande cha utando wa tumbo, ambacho hubaki kimeizunguka kila moja mfano wa kifuko chenye kuta mbili. Kati ya kuta hizo huwa na maji kidogo tu ya kulainisha, ili korodani iteleze isiumie mtu anapokimbia au kuinama. Mbegu zenyewe huundwa katika vijirija vilivyosongamana ndani ya korodani, kazi inayochukua zaidi ya miezi miwili, kisha hukomaa katika mrija mrefu uliojiviringisha nyuma yake, na hatimaye hupanda juu kwa mrija mwingine hadi karibu na kibofu, zikachanganyika na majimaji ya tezi na kuwa shahawa.

Mrija huo wa kupandia hausafiri peke yake. Umefungwa pamoja na mishipa ya damu, neva na mishipa ya limfu katika kamba moja inayoingia tumboni kupitia kinena. Limfu ni yale maji meupe yanayokusanywa kutoka kila sehemu ya mwili na kurudishwa katika damu, na ni ndani ya mishipa yake ambamo minyoo ya filaria iliyokomaa hukaa, jike likiwa na urefu wa sentimita nane hadi kumi na dume nusu ya hapo. Kwa wanaume, makao wanayoyapendelea zaidi ni mishipa ya limfu ya kamba hiyo na ya mfuko wa korodani. Wakishaivuruga mishipa, maji hayanyonywi tena inavyopasa. Yakijikusanya katika kile kifuko chenye kuta mbili, busha limeanza. Na ngozi ikinenepa na kuwa ngumu, ni matende. Mnyoo haukai ndani ya korodani yenyewe wala hauambukizwi kwa tendo la ndoa. Wanawake pia huupata, ila kwao hujitokeza zaidi miguuni, na wakati mwingine matitini.

Sehemu ya ujuzi huu ilikuwa bado haijapatikana wakati wa Manson, na iliyopatikana ilikuwa imetawanyika. Mwaka wa 1863, mjini Paris, daktari Demarquay alikuwa ameona viluwiluwi vya mnyoo huu katika maji yaliyotolewa kwenye busha la mgonjwa kutoka Cuba. Yaani mara ya kwanza binadamu kumwona mdudu huyu ilikuwa katika maji ya busha. Mwaka wa 1866 Otto Wucherer aliviona katika mkojo wa wagonjwa huko Brazil, na mwaka wa 1872 Timothy Lewis akavikuta katika damu mjini Calcutta. Mnyoo mzima alipatikana Australia mwaka wa 1876 na Joseph Bancroft. Majina ya wawili kati yao ndiyo yaliyounganishwa katika jina la kisayansi la mnyoo huyo, Wuchereria bancrofti.

Manson alisoma habari za Lewis akiwa likizoni London mwaka wa 1875, mwaka uo huo alipomwoa Henrietta Isabella Thurburn. Aliporejea Amoy alibeba hadubini, na hoja iliyokuwa ikimsumbua. Viluwiluwi vilivyomo katika damu ya mgonjwa mmoja ni maelfu kwa maelfu. Kama vyote vingekua humo humo hadi kufikia ukubwa wa wazazi wao, mwenye damu angekufa mara moja. Kwa kuwa hafi, basi lazima vikue mahali pengine. Lakini vitatokaje? Kila kimoja kimevikwa ala laini, hakina meno wala mwiba wa kutobolea mshipa. Hakuna njia ila kitu kingine kije kuvichukua. Manson akawahesabu wanyonyaji wa damu anaowajua, kupe, chawa, kunguni na viroboto, akawaondoa kwa sababu wamo duniani kote ilhali matende yana mipaka yake. Akabakiwa na mbu.

Mtu aliyetumiwa kuthibitisha hoja hiyo alikuwa mtunza bustani wake, Mchina aliyeitwa Hin Lo, ambaye damu yake ilijaa viluwiluwi. Manson alimlaza usiku katika chumba kilichoachwa wazi mbu waingie, kisha mlango ukafungwa. Asubuhi mbu walioshiba walikamatwa, wakahifadhiwa, wakapasuliwa mmoja mmoja siku baada ya siku chini ya hadubini. Aliona viluwiluwi vikivua zile ala zao, vikitoboa tumbo la mbu na kuhamia katika misuli ya kifua, vikanenepa, vikarefuka, vikapata mdomo na utumbo. Ilikuwa mara ya kwanza katika historia ya tiba kwa mdudu anayeuma kuonyeshwa akikuza ndani yake kimelea cha maradhi ya binadamu. Taarifa yake ilichapishwa katika ripoti za forodha za China mwaka wa 1877 na kusomwa London mbele ya wanasayansi mwaka uliofuata.

Kwa vipimo vya leo, jaribio lile lisingepita mbele ya kamati yoyote ya maadili. Hin Lo alikuwa mtumishi, na mtumishi anayeombwa na bwana wake alale kati ya mbu ana uhuru mdogo wa kukataa. Sifa zilikwenda kwa daktari.

Ugunduzi wake wa pili ulistaajabisha zaidi. Kwa kupima damu ya wagonjwa kila baada ya saa chache, mchana na usiku, Manson alitambua kwamba viluwiluwi hupotea katika damu ya juu juu jua likichomoza na kurejea kwa wingi giza likiingia, vikifikia kilele karibu na usiku wa manane. Baadhi ya wenzake Uingereza walimcheka, wakauliza kwa kejeli iwapo minyoo hiyo imebeba saa. Lakini saa hiyo ilipatana barabara na saa za mbu wa Amoy, ambaye huuma usiku. Ni mbu wa jamii ya Culex, yule yule ambaye katika miji na vijiji vya pwani ya Afrika Mashariki huzaliana katika vyoo vya shimo na maji machafu. Katika sehemu za mashambani za Kwale kazi hiyo hufanywa pia na Anopheles, mbu wa malaria.

Hata hivyo, Manson alikosea katika hatua ya mwisho, na kosa hilo lilidumu. Aliamini, kama wengi wa wakati wake, kwamba mbu jike hunyonya damu mara moja tu, hutaga mayai, kisha hufia majini. Kwa hiyo akahitimisha kwamba watu huambukizwa kwa kunywa maji yenye mizoga ya mbu. Kwa muda wa miaka 23 alikuwa ameishika nusu ya kweli. Mwaka wa 1900 George Carmichael Low, akichunguza mbu waliotumwa na Thomas Bancroft, mwana wa yule Joseph, aliona viluwiluwi vilivyokomaa vikiwa vimejipanga ndani ya mdomo wa mbu, tayari kuingia katika ngozi ya mtu mwingine. Mbu ndiye anayevichukua na ndiye anayevirudisha. Yafaa kusema kwamba nadharia ya Manson ya maji na imani ya madafu ya watu wa pwani hazikupishana sana: zote mbili zilitafuta ugonjwa katika kinywaji.

Mwaka wa 1883 alihamia Hong Kong, ambako alishiriki kuanzisha chuo cha udaktari kwa ajili ya Wachina kilichofunguliwa mwaka wa 1887, akawa mkuu wake wa kwanza. Miongoni mwa waliohitimu hapo mwanzoni ni Sun Yat-sen, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Jamhuri ya China. Sun alipotekwa na ubalozi wa China mjini London mwaka wa 1896, Manson na mwenzake James Cantlie ndio waliohangaika hadi akaachiliwa.

Alirudi Uingereza mwaka wa 1889 akitarajia kustaafu. Thamani ya fedha ya China ilipoanguka, akiba yake ilipungua na akalazimika kufungua zahanati London. Bahati mbaya hiyo ndiyo iliyomrejesha katika sayansi. Mwaka wa 1894 alimweleza daktari kijana wa jeshi la India, Ronald Ross, dhana yake kwamba malaria nayo yaweza kuwa inabebwa na mbu kama filaria. Ross akaenda kuifanyia kazi, na mwezi wa Agosti 1897 akaviona vimelea vya malaria katika tumbo la Anopheles. Ross alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1902. Manson hakupewa kitu katika tuzo hiyo, na uhusiano wao baadaye ukaingia doa.

Ili kuwashawishi waliobaki na shaka, Manson alifanya jambo ambalo wazazi wengi wasingelithubutu. Mwaka wa 1900 aliletewa kutoka Italia mbu waliokuwa wamewauma wagonjwa wa malaria, akawaachia wamuume mwanawe, Patrick Thurburn, aliyekuwa akisomea udaktari. Kijana akashikwa na homa, vimelea vikaonekana katika damu yake, akatibiwa kwa kwinini na kupona. Miaka miwili baadaye kijana huyo alifariki kwa ajali ya bunduki katika kisiwa cha Christmas.

Wakati huo Manson alikuwa mshauri wa tiba wa Wizara ya Makoloni, cheo alichokishika kuanzia 1897 hadi 1912. Kitabu chake kuhusu maradhi ya nchi za joto kilitoka mwaka wa 1898, na mwaka wa 1899 chuo cha tiba ya maradhi hayo kikafunguliwa London kwa juhudi zake. Lengo la kwanza la serikali iliyomsaidia halikuwa afya ya mvuvi wa Gazi au mkulima wa Kikoneni. Lilikuwa kuwalinda maofisa, askari na wafanyabiashara wa Kizungu wasife katika makoloni. Alitunukiwa cheo cha Sir mwaka wa 1903, akasumbuliwa na jongo kwa miaka mingi, akastaafu na kujiliwaza kwa uvuvi, na kufariki London tarehe 9 Aprili, 1922. Alizikwa Aberdeen.

Kwa watu wa Kwale, elimu yake ilichelewa kuwafikia. Ukoloni ulipita na uhuru ukaja, mabusha yakabaki. Watafiti waliochunguza jamii za Wilaya ya Kwale, na kuchapisha matokeo yao mwaka wa 1994, walikuta ugonjwa umekita mizizi, na kwa sababu ya ile saa aliyoitambua Manson, damu ya kupima viluwiluwi vya filaria ilibidi itolewe usiku, wanakijiji wakiamshwa au wakingojea hadi giza liive. Vipimo vinavyoweza kufanywa mchana vilianza kupatikana mwishoni mwa muongo huo. Mpango wa kitaifa wa kugawa dawa kwa umma ulianza Kilifi mwaka wa 2002, ukafika Kwale na Malindi mwaka wa 2003. Watu walipewa tembe za DEC na albendazole, ingawa baadaye iko miaka ambayo ugawaji ulikosekana.

Wengi walizimeza tembe hizo wakitumaini kwamba busha litanywea, na liliposalia vile vile wakakata tamaa nazo. Kazi ya dawa ni kuua viluwiluwi vilivyomo katika damu, ili mbu anayemwuma mgonjwa leo asiwe na cha kumpelekea jirani kesho. Maji yaliyokwisha kujikusanya hayaondoki kwa tembe. Wala kuyafyonza kwa sindano hakutoshi, kwani hurudi. Busha huhitaji upasuaji ambao hospitali ya ngazi ya wilaya yenye daktari aliyefunzwa yaweza kuufanya. Mfuko hupasuliwa, maji hutolewa, ule utando wenye kuta mbili hukatwa au hugeuzwa nje ndani ili usiweze tena kuhifadhi maji, na korodani, ambayo kwa wengi huwa ingali hai, hurudishwa mahali pake na kushonwa.